Likizo ya Wiki Moja Bagamoyo

Huko Scotland ipo likizo ya wiki moja inayopendwa na wenye nafasi. Asubuhi baba anakwenda kupiga gofu katika viwanja vyenye sifa, kama ule wa St Andrews, na mchana anarudi kwa mkewe wakatazame pamoja ngome na makanisa ya kale. Mwaka 1457 Bunge la nchi hiyo liliupiga marufuku mchezo huo, kwa sababu wanaume waliacha mazoezi ya upinde kwa ajili yake. Tunadhani wapo wake waliofurahi! Na uwanja ule mkongwe wa St Andrews kwa kawaida hufungwa Jumapili, wenyeji wakatembea humo na watoto wao.

Sisi wa Kiwangwa hatupigi gofu, tunalima mananasi. Lakini mpango huo wa kila mtu kupewa kidogo anachokipenda, kisha siku ikabaki ya wote, ulituingia moyoni. Nyumba yetu ilikuwa inauhitaji.

Kwa miaka miwili tulimuuguza bibi, mama yake baba watoto, mpaka Mungu alipomchukua. Baada ya msiba tukajikuta, mume na mke, tunazungumza mambo manne tu: ada, mbolea, vibarua na dawa. Hatukugombana. Ugomvi ungekuwa nafuu, maana wagombanao angalau husemezana. Siku moja mtoto wetu wa mwisho akauliza kwa nini baba siku hizi anakula ametazama mlangoni.

Mgao wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa ulipotoka, tukapendekeza twende Bagamoyo wiki nzima wakati shule zimefungwa mwezi Juni. Baba watoto alishtuka. "Mama, watu watasema tumepata wazimu. Likizo, na jiko linavuja?" Jiko lilikuwa linavuja kweli. Tukamkumbusha Injili ya Marko sura ya 6, pale Bwana alipowaona wanafunzi hawana hata nafasi ya kula, akawaita wakapumzike mahali pa faragha. Hakujibu. Siku ya tatu akauliza kama huko ataweza kuvua samaki.

Mama msomaji, ukipanga safari ya namna hii usifikie kwa ndugu. Ndugu zetu wa Bagamoyo ni wakarimu, lakini tulijua kwamba siku ya pili tungekuwa jikoni mwao tunakuna nazi, na msururu wa wageni ungeanza. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ndogo ya wageni, tukabeba mchele, maharage, jiko la mkaa na mananasi ya kutosha. Ndugu tuliwatembelea siku moja, tukawapelekea mananasi yao, yakaisha.

Kila alfajiri baba watoto alikwenda baharini na mvuvi mmoja anayefahamiana naye, akarudi wakati wa chai. Siku ya kwanza alileta changu wawili wadogo, akawaonyesha watoto kana kwamba ni papa. Mchana ulikuwa wetu sote.

Jumanne tulikwenda misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa watoto. Walilelewa, wakasoma, wakaoana na kupewa mahali pa kujenga na kulima. Ukisimama chini ya mibuyu ile ukawatazama wanao, huwezi kutofikiri juu ya mama zao waliobaki bara bila kujua watoto wamepelekwa wapi. Watoto wetu wao walivutiwa zaidi na mnyororo uliomezwa na mbuyu. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alikuwa akifungia punda wake hapo.

Upo pia mnara wa kanisa la kwanza, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa tarehe 24 Februari 1874. Yeye alizaliwa Scotland mwaka 1813, akafariki tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, kina Susi na Chuma, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu miezi kadhaa hadi pwani. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London. Wanaume hao hutajwa mara nyingi. Hatajwi sana Halima, mpishi wake, ambaye naye alitembea safari ile yote. Mtu huyo alikuwa akipika kila jioni, msiba au si msiba.

Saadani, penye wanyama wanaofika hadi ufukweni, hatukufika. Hesabu ya gari na viingilio ilitushinda.

Alhamisi tulikwenda Kaole, kusini kidogo ya mji, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Mtembezaji wageni alituonyesha kaburi linalosemekana kuwa la mume na mke waliozama baharini pamoja. Watoto wakakimbilia mbuyu mkubwa, maana wameambiwa anayeuzunguka huongezewa maisha. (Hatukuwakataza kukimbia, tuliwaambia tu maisha yanatoka kwa nani.) Tukabaki wawili, tumeketi juu ya jiwe.

Baba watoto akasema, bila kututazama, "Siku ile mama anafariki, wewe ndiye uliyemshika mkono. Mimi nilikuwa shambani. Mwaka mzima sijui nianzie wapi kukushukuru."

Kumbe tulichodhani ni hasira kilikuwa aibu. Na sisi tukamwambia letu: kwamba tulikuwa tumechoka sana wakati ule, hata mara moja tukaomba yaishe, na tangu hapo tukaogopa kumtazama machoni. Alilia. Mtoto wa mwisho aliporudi akatukuta hivyo, akaketi katikati akaanza kumenya chungwa.

Jumapili tulisali kanisani, mchana tukapanda basi kurudi Kiwangwa, tumebakiwa na nauli tu.

Bati la jiko halijanunuliwa. Linangoja mananasi ya mwisho wa mwaka. Juzi mvua ya vuli iliponyesha usiku, baba watoto aliamka akaweka sufuria chini ya tundu la kwanza, sisi tukaweka ya pili, tukakaa hapo jikoni hadi ilipokatika, tukibishana nani alimkamata yule changu mkubwa: yeye au mvuvi.