Diski ya Bandia Shingoni, Miaka Kumi Baadaye

Shingo ya binadamu ina pingili saba, na isipokuwa zile mbili za juu kabisa, kila pingili hutenganishwa na mwenzake kwa diski. Zinazochakaa mapema ni za chini, hasa iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita, na ile inayoifuata. Diski ikipasuka na kutokeza nyuma, hubana neva inayokwenda mkononi. Maumivu hushuka kutoka shingoni hadi vidoleni, ganzi huingia, na mkono hupungua nguvu. Wengi hupata nafuu kwa dawa, mazoezi na wiki kadhaa za subira. Wasiopata nafuu, au ambao ugwe mgongo wenyewe umebanwa, hupelekwa kwenye upasuaji.

Tangu miaka ya 1950 upasuaji huo hufanywa kutokea mbele. Daktari hupasua sentimita chache kando ya koo, husogeza koromeo na umio upande mmoja na mshipa mkubwa wa damu upande wa pili, kisha huitoa diski kidogo kidogo mpaka neva iwe huru. Hapo ndipo maumivu yanapotibiwa. Kinachojazwa kwenye pengo ni jambo la miaka inayofuata.

Kwa desturi, pingili mbili huunganishwa zikawa mfupa mmoja. Kasoro yake ni kwamba diski za jirani hubebeshwa kazi ya ile iliyoondoka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999, uliofuatilia wagonjwa 374 walioungwa pingili, ulikuta karibu 3 kati ya 100 kila mwaka wakipata maradhi mapya jirani na pale palipoungwa. Kwa makadirio hayo, ndani ya miaka 10 ni kama robo yao. Sehemu ya hesabu hiyo ni uzee tu, lakini ilitosha kuwasukuma wataalamu kutafuta diski inayocheza.

Jaribio lilikwishafanyika. Katika miaka ya 1960 Ulf Fernström wa Sweden aliweka gololi za chuma kati ya pingili, na nyingi zikadidimia mfupani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hospitali ya Frenchay, Bristol, ikabuni kiungo cha chuma ambacho ndicho asili ya Prestige, diski iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007. Bryan ilifuata mwaka 2009, na Mobi-C mwaka 2013, hii ikiruhusiwa hata kwa diski mbili zinazofuatana.

Matokeo ya muda mrefu ni mazuri. Katika majaribio ya Prestige yaliyoanza na wagonjwa 541, baada ya miaka 7 waliopasuliwa tena mahali palepale walikuwa karibu 5 kati ya 100, dhidi ya 14 kwa walioungwa pingili. Bryan, baada ya miaka 10, ilihesabiwa kufaulu kwa asilimia 81 dhidi ya 66.

Hata hivyo takwimu hizo zisomwe kwa jicho kali. Majaribio hayo yaligharimiwa na watengenezaji, na daktari aliyeamua kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji alijua fika amewekewa nini. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 haukuona tofauti ya maana baada ya miaka 2. Faida ya diski, basi, iko zaidi katika kuepusha upasuaji wa pili kuliko katika kupunguza maumivu.

Diski nayo ina matatizo yake. Mfupa mpya unaweza kuota kuizunguka na, kwa baadhi ya wagonjwa, kuigandisha kabisa. Mara nyingi mwenyewe hasikii lolote. Chembe za plastiki inayosagika zinaweza kuufanya mfupa ulike na diski ilegee. Chuma cha pua, tofauti na titani, huharibu picha za MRI.

Mwenye mifupa myepesi, viungo vya nyuma ya shingo vilivyoharibika au pingili zinazoteleza hafai kuwekewa. Kwake kuunga ndiyo njia salama. Anayefaa ni mtu wa makamo mwenye diski moja au mbili mbovu na shingo ambayo bado inageuka vizuri. Huyo, akishawekewa, asiache kupigwa eksirei kila anapopangiwa hata kama haumwi, kwa kuwa kulika kwa mfupa huweza kuanza bila dalili.