Uchovu Usioisha: Huenda Ni Tezi ya Shingoni

Je, mama, wenzako hapo Diani wanajipepea kwa joto nawe umejifunika leso mbili? Unalala usingizi wa kutosha na bado unaamka umechoka kana kwamba ulikuwa ukitwanga usiku kucha? Nywele zinakatika, ngozi imeparara hata ukijipaka mafuta ya nazi, choo kimekuwa kigumu, damu ya mwezi inatoka nyingi, na mwili unanenepa ilhali chakula ni kile kile. Nyumbani waambiwa umekuwa mvivu. Jirani ananong'ona kwamba umetupiwa kitu. Ukienda dukani kununua dawa, unauziwa vidonge vya kuongeza damu.

Huenda wote hao wamekosea. Yamkini ni tezi ya thairoidi iliyolegea.

Tezi hii ina umbo la kipepeo, nayo imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili: moyo upige vipi, chakula kisagwe upesi kiasi gani, joto litoke au lisitoke. Homoni zikipungua, kila kitu huenda polepole, hata mawazo. Usingoje kuona rovu ndipo uamini. Wengi wenye ugonjwa huu hawana uvimbe wowote shingoni. Akina mama hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Zamani lawama kubwa ilikuwa juu ya upungufu wa iodini katika chakula. Mwaka 1978 sheria ya Kenya iliagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo, na nyingi ya chumvi hiyo hutoka papa hapa pwani, Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Basi kwa mtu anayekula chumvi hiyo na samaki, sababu ya kawaida ni nyingine: kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi. Daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, ndiye aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1912. Wengine tezi yao ililegea baada ya kukatwa kwa upasuaji.

Uchovu peke yake hauthibitishi lolote. Malaria huchosha, upungufu wa damu huchosha, kulea watoto watano pia huchosha. Kwa hiyo hapana budi damu ipimwe, na kipimo cha kwanza kinaitwa kwa herufi tatu tu: TSH.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. TSH haitoki kwenye thairoidi. Hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuipigia thairoidi hodi ifanye kazi. Thairoidi isipoitikia, hodi huongezwa nguvu. Kwa hiyo TSH ikipanda, maana yake thairoidi imelala. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa sawa, lakini soma kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe, kwa maana mashine hutofautiana. TSH ikiwa juu, hupimwa pia homoni yenyewe, T4. T4 ikiwa chini, ugonjwa ni dhahiri na dawa huanza. T4 ikiwa sawa na TSH imepanda kidogo tu, daktari mwangalifu aghalabu hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kukufunga na dawa ya maisha. TSH ikizidi 10, wengi hupewa dawa.

Jambo moja kabla ya kutolewa damu: zile vitamini za kurefusha nywele na kucha mara nyingi huwa na biotini, nayo huweza kuyapotosha majibu ya maabara. Ziache siku mbili kabla, na umwambie mpimaji. Inasikitisha kwamba mwenye nywele zinazokatika ndiye hasa huzinunua.

Dawa sasa. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa maji yaliyotokana na tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi miaka mingi baadaye. Siku hizi dawa ya kwanza ni levothairoksini, tembe inayotengenezwa kiwandani, sawa kabisa na T4 ya mwili. Kuna nyingine, liothaironini, ambayo ni kali na huisha upesi mwilini, nayo si ya kuanzia. Tena ipo ile inayotokana na tezi zilizokaushwa, ambayo watu husifu kwa kuwa ni "ya asili". Fahamu kwamba tezi hizo kwa kawaida ni za nguruwe. Kwa Mwislamu wa Msambweni hilo si jambo dogo, na sioni faida inayofanya ajisumbue nayo.

Kijana mwenye moyo mzima huhitaji takriban maikrogramu 1.6 za levothairoksini kwa kila kilo ya mwili wake. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa kwa kiasi kidogo, kama 25, ili moyo usishtuliwe. Halafu subira. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo sababu kipimo hurudiwa baada ya majuma sita hadi manane. Ukipima wiki mbili baadaye umepoteza pesa. Na usijiongezee tembe ili upungue mwili. Dawa ikizidi, moyo hudunda ovyo na mifupa hudhoofika. Ukisahau siku moja, usihofu.

Lakini makosa makubwa, msomaji, hutokea mezani. Tembe hii humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Ukiiteremsha kwa chai ya maziwa na mahamri, sehemu yake haitaingia mwilini. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalisi na baadhi ya dawa za kiungulia viachwe mbali nayo kwa muda wa saa nne. Anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini amweleze daktari, kwani huimaliza levothairoksini upesi. Katika Ramadhani unaweza kuimeza ukiamka kabla ya daku, au usiku wakati wa kulala, muda wa saa tatu baada ya kula. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa tembe ya usiku hufanya kazi vizuri.

Mwenye mimba asikilize zaidi. Katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama. Mara tu ujuapo una mimba, nenda ukapimwe, kwa sababu dozi huhitaji kuongezwa, mara nyingi kwa robo au zaidi, na TSH hufuatwa kila majuma manne hadi nusu ya ujauzito. Kliniki watakupa vidonge vya chuma. Vimeze, lakini jioni, si pamoja na tembe ya thairoidi. Muuguzi asiyeambiwa hawezi kujua.

Tembe hii pia haipendi joto wala unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Iache ndani ya pakiti yake, mahali pa baridi penye kivuli. Si jikoni karibu na jiko, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani Ukunda. Na wale wanaosikia kwamba mwani, kama ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, una iodini: ni kweli mwani huwa na madini hayo, lakini iodini nyingi huweza kuizidishia udhia tezi iliyokwisha kushambuliwa. Usiule kama dawa.

Kabla ya kutoka nyumbani, uliza kama hospitali uendayo, iwe Msambweni, Kwale au Kinango, inapima TSH yenyewe au huipeleka damu Mombasa, na majibu yatachukua siku ngapi. Weka karatasi za vipimo vyote katika bahasha moja, pamoja na dozi uliyokuwa ukimeza siku ya kila kipimo. Ukivuka Likoni kumwona daktari mwingine, hiyo bahasha ndiyo ataiomba kwanza.