Soda ipi? Kutambua jina la kemikali kwa kutumia hifadhidata ya PubChem

Neno soda lina maana kadhaa katika Kiswahili. Kwa wengi ni kinywaji chenye gesi. Kwa mpishi wa keki ni unga wa kuumulia. Katika majina magadi soda na kostiki soda hurejelea vitu vingine kabisa. Tofauti hizi si za kimtindo tu. Sodiamu haidrojenikaboneti (NaHCO₃) huliwa ndani ya andazi, ilhali sodiamu haidroksaidi (NaOH), yaani kostiki soda ya watengenezaji wa sabuni, huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Mtafsiri wa lebo anayeandika soda pekee humwacha msomaji abahatishe.

Utata huo unaweza kuondolewa kwa kutumia PubChem, hifadhidata ya kemia isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 2004 chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Aliyezoea kamusi ataielewa upesi. Kila kampaundi ina ukurasa wake, kama kidahizo na maelezo yake: jina, fomula, mchoro wa molekuli, orodha ya visawe na tahadhari za usalama. Tofauti kubwa ni kwamba kamusi huanzia kwenye neno, ilhali hifadhidata hii huanzia kwenye muundo wa molekuli. Kwa hiyo majina mengi ya kitu kimoja hukutana kwenye ukurasa mmoja wenye namba moja, iitwayo CID. CID ya sodiamu haidroksaidi ni 14798. Ya sodiamu haidrojenikaboneti ni 516892.

Utafutaji ufuate hatua tatu.

1. Jina kamili la matini chanzi liandikwe katika kisanduku cha kutafutia. PubChem hutumia Kiingereza, hivyo jina la Kiswahili halitoshi.

2. Fomula ilinganishwe na ile ya matini. Hata hivyo, fomula peke yake si ushahidi kamili: C₂H₆O ni fomula ya ethanoli, ambayo ni kimiminika, na pia ya dimethili etha, ambayo ni gesi katika joto la kawaida. Hali hii inafanana na homonimia: umbo moja, vitu viwili. Mchoro wa molekuli ndio unaovitenganisha.

3. Namba ya CAS ihakikiwe. Namba hii huchapishwa pia kwenye lebo nyingi za maabara, na tarakimu yake ya mwisho ni ya uhakiki. Katika 144-55-8, namba ya sodiamu haidrojenikaboneti, tarakimu zinazotangulia huzidishwa kuanzia kulia kwa 1, 2, 3, 4 na 5: 5 + 10 + 12 + 16 + 5 = 48. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 8, kama inavyotakiwa. Makosa mengi ya kunakili tarakimu moja hugunduliwa kwa njia hii, ingawa si yote.

Orodha ya visawe isomwe kwa uangalifu. Mengi ya majina hayo huletwa na wachangiaji mbalimbali, na jina la mtaani linaweza kuonekana chini ya kampaundi zaidi ya moja.

Neno magadi linaonyesha mpaka wa msaada huo. Magadi yachotwayo katika Ziwa Magadi, Kenya, kwa sehemu kubwa ni madini ya trona, ambamo sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojenikaboneti zimeungana pamoja na maji. Kwa hiyo magadi si kisawe kamili cha sodiamu kaboneti tupu (Na₂CO₃), ingawa matumizi ya kila siku huvichanganya.

Pendekezo la matumizi: katika matini ya kitaalamu, jina la kienyeji liambatane na fomula au namba ya CAS linapotajwa mara ya kwanza, mfano: kostiki soda (NaOH, CAS 1310-73-2). Baada ya hapo, jina moja litumike hadi mwisho wa matini.