Vita Viliisha, Bei Ikabaki Juu

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi bila kuifikiria sana. Nilianza kuielewa siku mama yangu alipotukanwa sokoni.

Ulikuwa mwaka wa 2022. Mama huuza unga, maharagwe na mafuta ya kupima katika kibanda chake hapa Machakos. Mwaka huo mfuko wa unga wa mahindi wa kilo mbili ulipita shilingi 200. Mafuta ya kupikia nayo yakapanda hata watu wakawa wananunua ya shilingi ishirini ishirini. Redioni tuliambiwa kuwa ukame ulichangia, na vita vya Urusi na Ukraine pia. Jioni moja jirani yetu, mama ninayemheshimu mpaka leo, alirudisha chupa yake kwa hasira akasema, "Vita viko Ulaya, wewe uko hapa. Wewe ni mlanguzi tu!"

Mama hakujibu neno. Mimi nilikuwa nimesimama kando na sare yangu ya shule, na kusema kweli, moyoni nilijiuliza: je, kama jirani amesema ukweli? Sikumwambia mama, lakini jambo hilo lilinikaa kama mwiba.

Mwaka huu, nikiwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Historia alituuliza tueleze maisha ya kila siku nchini Kenya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka wa 1945. Nikaandika bila wasiwasi: "Vita vilipokwisha bei zilishuka na watu wakaanza kula vizuri." Mwalimu akapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni, "Una hakika?"

Basi likizo ya Aprili ilipofika nikaenda Kangundo kwa nyanya, mzaa mama. Babake nyanya alikuwa askari wa KAR.

"Nyanya," nikamwuliza, "si vita vilipokwisha kila kitu kilikuwa rahisi?"

Nyanya alicheka mpaka akakohoa. "Mume wangu, nani alikudanganya? Keti nikwambie."

Askari arudi nyumbani

Zaidi ya Waafrika 90,000 kutoka Kenya walichukuliwa jeshini katika vita vile. Wengine walipigana na Waitaliano huko Uhabeshi, na wengine wakapelekwa Burma, ambayo nyanya huita "Bama". Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944 wakati wa mvua za masika, katika matope na malaria. Babake nyanya alikuwa huko.

Vita vya Ulaya vilikwisha tarehe 8 Mei 1945. Japani ikasalimu amri mwezi wa Agosti. Lakini meli zilikuwa chache na askari wengi, kwa hivyo wengi walingoja zamu yao hadi mwaka wa 1946. Babu huyo aliposhuka gari la moshi pale Konza alikuwa na sanduku la bati, blanketi, kabuti zito la jeshi na pesa zake za kuagwa. Alijiona tajiri.

Kesho yake akaenda dukani kumnunulia mamake nguo na jembe. Rafu tupu! Mwenye duka akasema hakuna nguo. Babu alipogeuka kuondoka akaitwa kwa sauti ya chini: "Rudi jioni, mlango wa nyuma." Jioni nguo ilikuwapo, lakini bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile iliyowekwa na serikali. Babu alimwita mwenye duka mwizi, kisha akalipa. Angefanya nini?

Nyanya alipofika hapo nilimkumbuka mama na ile chupa ya mafuta.

Vitu vilikwenda wapi?

Niliporudi nilisoma vitabu vya maktaba na kumsumbua mwalimu kwa maswali. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na nguo. Sote tunalijua neno amerikani. Kitambaa hicho kilipata jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Lakini kufikia miaka ya 1930, nguo nyingi za bei nafuu katika maduka ya Afrika Mashariki zilitoka Japani. Desemba 1941 Japani ikaingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani. Adui hawezi kukuuzia shuka! Viwanda vya Uingereza navyo vilikuwa vikishona sare za jeshi. Kwa hivyo mwanamke wa Kangundo alikosa nguo kwa sababu ya mambo yaliyotokea maelfu ya maili kutoka kwake.

Tazama mchele pia. Kabla ya vita Burma ilikuwa nchi iliyouza mchele mwingi kuliko zote duniani. Japani ilipoiteka mwaka wa 1942, mchele huo ukapotea sokoni. Yaani askari wetu walikuwa wakipigana katika nchi iliyokuwa ikiwalisha watu wengi wali! Malaya nayo ilipotekwa mwaka huo huo, mpira ukaadimika na matairi yakawa kama dhahabu. Chuma kilikwenda kutengeneza mizinga, majembe yakawa haba. Meli zilizobaki zilibeba wanajeshi na silaha kwanza.

Nyumbani nako mvua ilikosa. Mwaka wa 1943 kulikuwa na njaa kubwa. Wazee wa Kikuyu waliiita njaa ya mihogo, kwa sababu watu waliponea unga wa mhogo. Na kuna jambo lililowauma watu zaidi ya njaa yenyewe: serikali ya kikoloni iliwalipa walowezi bei ya juu kwa mahindi yao, na Mwafrika akapewa bei ya chini kwa mahindi yale yale.

Pesa nyingi, mandazi machache

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea katika jibu langu. Nilidhani bei hupanda kwa sababu ya risasi tu, na risasi zikinyamaza bei hushuka.

Fikiria kantini ya shule yetu wakati wa mapumziko. Kuna mandazi ishirini, na wanafunzi ishirini wana pesa za andazi moja kila mmoja. Hakuna kelele. Sasa siku moja kila mwanafunzi aje na pesa za mandazi matatu, lakini mandazi yaliyopikwa ni kumi. Kutatokea nini? Wataanza kusukumana, na wa nyuma atasema, "Mimi nitaongeza!" Mpishi akikatazwa kuongeza bei, mandazi mengine yataingia chini ya meza kungoja rafiki zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1945 na 1946. Askari walikuwa wametuma pesa kwa jamaa zao miaka yote ya vita, kisha wakarudi na nyingine. Serikali iliwahimiza waweke akiba posta, kwa kuwa iliogopa pesa hizo zote zikiingia madukani kwa pamoja. Serikali iliweka bei za juu kabisa ambazo mwenye duka hakuruhusiwa kuzipita. Vitu vikahamia mlango wa nyuma. Huko ndiko magendo yalikostawi.

Wala usidhani washindi wenyewe walikuwa wakila raha. Huko Uingereza mkate, ambao haukugawiwa kwa vipimo wakati wote wa vita, ulianza kugawiwa Julai 1946, vita vimekwisha! Mgao wa nguo uliendelea hadi 1949, na wa nyama hadi 1954. Miaka tisa baada ya ushindi, mama wa London alikuwa bado anabeba kitabu cha mgao kwenda kununua nyama.

Santuri, gitaa na kabuti

Hata hivyo watu hawakukaa wakilia. Askari walirudi na mambo mapya. Wengi walijifunza kusoma na kuandika jeshini, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kambi, kwani Mkamba, Mluo, Mnandi na Mgiriama walihitaji kuelewana. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa mwaka wa 1939, likapata wasomaji. Magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini yakionyesha picha za vita juu ya kitambaa cheupe.

Ngoma nazo zilibadilika. Beni, ile ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza kuonekana ya kizee. Vijana walitaka gitaa na rumba kutoka santuri za Kuba zilizoandikwa herufi G.V. Fundi Konde, mwana wa pwani, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita, na baadaye akawa miongoni mwa wapiga gitaa mashuhuri kabisa wa Kenya mpaka alipofariki mwaka wa 2000.

Na kabuti? Lile la babu lilivaliwa harusini, mazikoni na katika kulinda shamba. Nyanya anasema aliyekuwa na kabuti alipewa kiti mbele. Lakini mwenye kabuti huyo huyo, akienda mjini, aliulizwa kipande. Sheria ya kipande ilimhusu kila Mwafrika mwanamume kuanzia miaka kumi na sita. Huo ndio umri wangu! Ameshinda vita vya dunia, na bado anasimamishwa njiani kama mwizi wa kuku.

Kiwanja cha Maskini

Bei ilipanda kwa kasi, mshahara ukapanda pole pole nyuma yake. Mwishowe watu wakachoka. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma: wa bandarini, wa reli, wa hotelini, hata wapishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu karibu majuma mawili, kisha baraza la hakimu Thacker likawaongezea wengi mishahara. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo akapelekwa kizuizini Kabarnet. Bei ya unga ilikuwa imegeuka siasa.

Daftari la mama

Niliporudi nyumbani kutoka Kangundo nilimwomba mama daftari lake la mwaka wa 2022. Yeye huandika kila kitu: bei ya kununua kushoto, ya kuuza kulia. Nilipiga hesabu usiku huo kwa kalamu ya risasi. Bei aliyonunulia jerikeni la mafuta ilikuwa imepanda sana, na faida yake kwa kila jerikeni ilikuwa imepungua kuliko mwaka uliotangulia. Mama hakuwaibia watu. Alikuwa akipunguza chakula chake ili wateja wasimkimbie.

Sisemi kwamba walanguzi hawapo. Wapo, na mwaka wa 1946 walikuwapo pia. Ninachosema ni kuwa anayetutajia bei mara nyingi siye aliyeipandisha, na kabla ya kumwita mtu mwizi ni vizuri kuuliza mzigo umetoka wapi na umepita njia gani.

Nilimwambia mama kile nilichowahi kufikiria siku ile, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe karo ninayolipa haipotei bure. Haya, funga hilo daftari ulale, kesho kuna shule."

Na mimi, msomaji, kalamu yangu naiweka chini hapo.