Kumpiga Picha Mtoto wa Mbwa Asiyetulia

Ni nani asiyeijua taabu ya kumpiga picha mtoto wa mbwa? Umemweka mahali pazuri, umerudi nyuma hatua mbili, umeinua simu yako. Naye amekwisha kuondoka, amekuja kulamba kidole cha mguu wako. Umemrudisha, amelala chali. Umemrudisha tena, anaukimbiza mkia wake. Mwisho wake watoto wa nyumbani hukasirika, mmoja humshika shingoni kwa nguvu, na picha inayopatikana ni ya mnyama mwenye hofu, masikio yamelala nyuma na weupe wa macho umetokeza.

Leo twataka kuonyesha kwamba kazi hii ina njia yake, na njia hiyo si nguvu. Mtu mzima huambiwa, "Tulia," naye hutulia. Waliopigwa picha zamani katika vyumba vya wapiga picha, kama Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930, waliweza kuketi, kunyosha mgongo na kunyamaza mpaka kazi iishe. Mtoto wa mbwa haamriki hivyo. Basi hapana budi mambo yote yawe tayari kabla yeye hajaletwa, ili ile nukta moja atakapotulia isipotee bure.

Huenda mtu akauliza, "Picha ya mbwa ina faida gani?" Tutwae mfano. Tuseme katika nyumba moja ya Manyoni mbwa jike amezaa watoto sita. Mwenye nyumba hawezi kuwalisha wote. Madume mara nyingi huombwa na wachungaji wa ng'ombe, lakini majike hubaki, kwa kuwa watu huogopa kwamba nao watazaa. Asiyepata mwenyewe aweza kutupwa porini angali mdogo, na huko hana maisha. Lakini picha njema ikitumwa kwa simu kwa ndugu aliyeko Itigi, au Kilimatinde, au Singida mjini, yule ndugu humwona mnyama mwenyewe: rangi yake, ukubwa wake, afya yake, macho yake. Huenda akasema, "Huyo niwekeeni." Picha yenye ukungu, inayoonyesha donge jeusi juu ya mchanga, haimwambii mtu lolote.

Faida ya pili yahusu kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikisha kutokea kwa mtu, karibu hapana anayepona. Dawa yake ni kuwachanja mbwa kabla. Lakini mbwa wetu wengi hawana ukanda wa shingo wala alama, na mara nyingi ni vigumu kujua nani amechanjwa na nani bado. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State cha Marekani, pamoja na wenzao wa Tanzania, walitangaza habari za majaribio yaliyofanywa katika vijiji vya kaskazini ya nchi yetu. Walitumia programu ya simu iwezayo kuutambua uso wa mbwa, kama mtu amtambuavyo jirani yake kwa sura. Walipokwisha kuziondoa picha zisizofaa na maelezo yaliyoandikwa vibaya, programu iliwatambua mbwa waliochanjwa 76 katika kila 100, na wale wasiochanjwa karibu 99 katika kila 100. Angalieni neno hilo: ilikuwa lazima kwanza picha zisizofaa ziondolewe. Chombo kilikuwapo, na mbwa walikuwapo, lakini picha ya ovyo haikuweza kusaidia. Basi anayejifunza kupiga picha ya mbwa vizuri hajifunzi mchezo mtupu.

Tuanze na umri. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka apatapo siku kumi mpaka kumi na nne hivi, na masikio baada ya hapo kidogo. Katika majuma hayo mawili ya kwanza mwache kwa mama yake, maana hupata baridi upesi. Ukitaka picha, wapige walalapo pamoja, bila kuwagusa. Apatapo majuma matatu huanza kusimama kwa kuyumba-yumba. Umri ufaao zaidi ni tangu majuma matano mpaka manane: uso umekwisha kupata sura, naye anapenda watu na anataka kujua kila kitu.

Jambo la pili ni saa ya mnyama mwenyewe. Mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, na aamkapo hucheza kama moto wa nyasi, kisha huzimika ghafula. Usimpige picha aamkapo tu, wala akiwa na njaa. Mwache acheze, mpe chakula kidogo, mwache aende haja yake, kisha ngoja. Baada ya dakika chache utaona kope zinakuwa nzito na miguu inalegea. Hapo ndipo saa yako. Hajalala, lakini hana tena haja ya kukimbia. Picha nyingi huharibika kwa kuwa mpigaji amefuata nafasi yake mwenyewe, wala hakuifuata ya mbwa.

Jambo la tatu ni nuru, na hapa sisi wa Manyoni tuna neno letu la pekee. Mji wetu uko kusini ya Ikweta kwa nyuzi karibu 6, kwa hiyo mapema mwezi wa Machi, na tena mapema mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Tena, kwa kuwa Manyoni iko magharibi ya mstari ambao majira ya Afrika Mashariki hupimwa kwao, jua hufika juu kabisa karibu na saa saba kasoro robo, wala si saa sita kamili. Jua likiwa juu hivyo, paji la uso hutia kivuli machoni, na mbwa huonekana kama hana macho. Basi chagueni asubuhi, tangu saa moja na nusu mpaka saa tatu, au jioni baada ya saa kumi na nusu, nuru ijapo kwa ubavu.

Ikiwa ni lazima kupiga picha mchana, tafuteni kivuli kilicho wazi. Mlango wa tembe wafaa sana: mbwa na akae kizingitini, ndani kidogo ya mstari wa kivuli, uso wake ukielekea nje. Nuru ya uani itamwangazia bila kumchoma. Kivuli cha mti chenye mabaka ya jua hakifai, maana mabaka yale hufanana na madoa ya manyoya. Wala msitumie taa ya simu. Humshtua mnyama, na macho yake hung'aa kama ya fisi usiku. Na kabla ya yote futeni lenzi kwa kitambaa laini kilicho safi, maana upepo wa kiangazi huinua vumbi, na simu iliyokaa mfukoni huwa na mafuta ya vidole.

Jambo la nne ni mahali pa kumkalisha. Kamera hupima nuru kwa kutazama picha nzima, si mbwa peke yake. Mbwa mweusi akiwekwa juu ya shuka jeupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza nuru, na mbwa hugeuka kuwa giza tupu. Mbwa mweupe juu ya kitenge cheusi hung'aa kupita kiasi hata manyoya yakapotea. Basi tandikeni kitu chenye rangi ya kati: gunia, mkeka uliozeeka, au kanga iliyofifia. Kisha gusa uso wa mbwa juu ya kioo cha simu, ili kamera ilenge hapo na kupima nuru ya hapo.

Ili asitoroke, msimfunge kamba. Mwekeni katika ungo mpana au kikapu kifupi kilichotandikwa gunia, nacho kikae chini. Ukingo ule mdogo humfanya asite kidogo kabla ya kutoka, na kusita huko kwatutosha. Msimweke juu ya meza wala kiti. Mtoto wa mbwa hajui kimo, naye akianguka aweza kuvunjika mguu.

Jambo la tano: kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja ashike simu, mmoja ashike mbwa. Mwenye simu ajilaze kifudifudi, au apige magoti na kuishusha simu mpaka iwe sawa na macho ya mnyama. Picha ipigwayo kutoka juu huonyesha kichwa kikubwa na mwili mdogo. Ipigwayo chini huonyesha mbwa kama alivyo. Wala asisogee karibu mno, kwa maana lenzi ya simu ikiwa karibu hukuza pua na kudhoofisha masikio. Afadhali akae mbali kiasi cha hatua moja na nusu, kisha aikate picha pembeni baadaye.

Msaidizi amwinue mnyama kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya matako. Asimshike mguu wala ngozi ya shingo. Amkalishe, amshike kwa ulaini mpaka moyo wake utulie, kisha aondoe mikono polepole na kurudi nyuma. Mwenye simu awe amekwisha kulenga, kidole kiko tayari, na apige picha mfululizo, kumi au ishirini, maana simu za siku hizi hazimalizi filamu. Mikono itokapo, mbwa hukaa kama alivyoachwa kwa muda wa pumzi moja au mbili. Hiyo ndiyo picha yenu.

Mkitaka ainue masikio, fanyeni sauti ndogo nyuma ya kamera: tikisa funguo, au lia kama paka. Lakini fanyeni mara moja, hasa mara mbili. Sauti ya kwanza humshangaza na kumfanya ainamishe kichwa upande. Ya tatu ameizoea. Ya tano humleta mbio kwako. Kichwa cha dagaa kikishikwa karibu na lenzi huvuta macho yake, naye apewe kila amalizapo, ili ajue kwamba kazi ile ina malipo. Mkiwapiga wote sita pamoja, mwekeni kwanza aliye na usingizi zaidi, na wa mwisho awe yule mtundu kuliko wote.

Wala msimsahau mama yao. Hata mbwa mpole huuma akisikia mtoto wake analia mikononi mwa mgeni. Mtu amzoeaye ampeleke kando, ampe ugali na mchuzi, na watoto warudishwe kwake upesi. Mwalimu akileta wanafunzi kujifunza, wasizidi watatu kwa mara moja. Na mtu akiumwa, hata kwa jeraha dogo, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Kazi yote isipite dakika kumi. Mnyama akipiga miayo tena na tena, akijilamba midomo, akigeuza uso au kutetemeka, amechoka. Mrudisheni, mjaribu kesho. Na msione haya picha nyingi zikiharibika. Harry Whittier Frees wa Marekani, aliyejulikana sana kwa picha za watoto wa paka na wa mbwa waliokalishwa kama watu, na aliyetoa kitabu chake cha picha hizo mwaka 1915, alikuwa na kamera iliyohitaji sehemu ya tano ya sekunde, muda mrefu kwa mnyama asiyetulia. Yasemekana theluthi mbili za picha zake alizitupa, na kazi hiyo aliifanya miezi mitatu tu katika mwaka, kwa jinsi ilivyomchosha. Naye alieleza kwamba picha zake zilipatikana kwa uvumilivu na upole. Ikiwa fundi kama huyo alitupa mbili akabakiza moja, sisi tutalalamika nini?

Mkisha kupata picha, chagueni mbili kwa kila mtoto: moja ya uso, macho yakionekana wazi, na moja ya ubavu, mwili wote tangu pua mpaka mkia. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, dume au jike, na alama zake. Anayemtaka aambiwe kwamba hatapewa kabla ya majuma manane, naye amwulize afisa mifugo habari za chanjo. Na kwa kuwa sura ya mtoto si sura ya mkubwa, siku ile ya chanjo apigwe picha mpya, iwekwe pamoja na cheti chake.

Wazazi na walimu, watoto wetu wengi hujifunza kumtendea mbwa kwa jiwe na fimbo, kwa kuwa ndivyo waonavyo. Mpeni mtoto simu kwa dakika kumi, mwambieni alete picha moja ya mbwa mdogo aliyetulia, bila kumshika kwa nguvu. Atajaribu kwa ukali, naye atashindwa. Kisha atakaa chini, atanyamaza, atangoja. Na yule mtoto wa mbwa atamtazama.