Mishipa Iliyovimba Miguuni na Dawa ya Leza

Napenda kuwaeleza wenzangu jambo nililojifunza likizo iliyopita nyumbani Shishiyu.

Bibi yangu amelima pamba tangu ujana wake. Mguuni ana mishipa minene iliyojikunja kama mizizi, na kila jioni mguu humvimba na kumuuma. Jirani alimshauri achanjwe kwa wembe ili “damu mbaya” itoke. Nikamsihi, “Bibi, tumwone daktari kwanza.” Akakubali.

Daktari alitueleza hivi. Damu hurudi kutoka miguuni kwenda moyoni kwa mishipa iitwayo vena. Ndani yake mna vilango vidogo, mfano wa mlango unaofunguka upande mmoja tu. Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kuupanua mshipa. Kurithi, uzazi, uzee na kusimama muda mrefu huzidisha hali hiyo. Basi damu ile si mbaya, wala hakuna uchawi. Lakini mshipa huo ukichanjwa, damu nyingi huweza kumwagika hata kuhatarisha maisha.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari walianza kuitumia ndani ya vena. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi. Daktari, akiongozwa na picha za mashine ya ultrasaundi, hupitisha uzi mwembamba wa kioo ndani ya mshipa. Mwanga wa leza hutoa joto, na mshipa hujifunga. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Bibi akauliza, “Bwana Daktari, mshipa ukifungwa, damu itapita wapi?”

Akajibu, “Mama, njia moja ya ng'ombe ikizibwa, hupita nyingine. Zipo vena kubwa ndani zaidi ya mguu.”

Si kila hospitali ina leza. Kwa sasa Bibi huvaa soksi za kubana alizopewa na daktari, na hupumzika ameinua mguu.

Wasomaji, ning'inizeni mkono kwa dakika moja, kisha uinueni juu ya kichwa. Mtaona vena zilizojaa zikinywea. Kwa hiyo mshipa wa namna hiyo ukipasuka, mlazeni mgonjwa, inueni mguu wake, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi, na mmpeleke hospitali upesi. Wembe uacheni.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu