Mgahawa wa bei ya kati hufuata makazi

Katikati ya Dar es Salaam mlo wa bei ya kati upo, ila haupo saa ambayo mgeni anauhitaji. Kuanzia saa sita na nusu mchana migahawa ya Samora, Ohio na Azikiwe hujaa wafanyakazi wa benki, bima na bandari, na sahani za pilau, ndizi nyama na samaki wa nazi hutoka jikoni mfululizo. Ifikapo saa kumi jioni masufuria yameshaoshwa. Saa mbili usiku mgeni aliyelala mtaa huohuo anashuka ghorofani, anakuta milango ya chuma imeshushwa na walinzi wamekaa vibarazani, na taa inayowaka ni ya mgahawa wa hoteli yake tu. Katika hoteli kubwa, mlo mmoja wa humo huvuka shilingi 50,000 kwa urahisi. Ni rahisi kwa mgeni huyo kuamini kwamba mji una vyakula vya namna mbili, cha mama lishe mchana na cha wenye fedha nyingi usiku. Imani hiyo inamgharimu yeye, na inaugharimu mji pia, kwa sababu inaficha kanuni moja ya biashara hii: mgahawa wa bei nafuu unaofanya kazi usiku hutunzwa na watu wanaoishi karibu nao. Wageni ni nyongeza yenye faida, lakini peke yao hawawezi kuuweka wazi.

Ushahidi uko umbali wa dakika kumi kwa miguu. Ukiiacha Posta, eneo hilo la ofisi, na kuingia Kisutu, kuelekea mitaa ya Jamhuri, Zanaki, Libya na Chagga, unakuta mji mwingine jioni. Kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, mgahawa wa Mamboz huanza kuchoma kuku giza linapoingia, na meza hufika mpaka nje barabarani. Jirani kuna mishikaki, mihogo ya kuchoma, badia, biriani, juisi ya miwa na chai ya maziwa. Sababu ya tofauti hiyo ni majengo. Kisutu ilijengwa zaidi na familia za Kihindi kwa mtindo wa duka chini na nyumba juu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na baadaye yakaja mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Umiliki ulibadilika lakini watu walibaki juu, maduka na migahawa chini. Kwa hiyo hadi leo kuna familia zinazoshuka kula saa mbili usiku, Jumatatu kama Jumamosi, mvua au kiangazi. Mwenye mgahawa ananunua nyama akijua itaisha. Mwenzake wa Samora hana uhakika huo. Akifungua usiku atategemea wageni watano leo na wawili kesho, na chakula kinacholala ni hasara ambayo lazima aifidie kwenye bei ya sahani inayofuata.

Itadaiwa kwamba mgeni wa hoteli ya mjini hajali tofauti ya bei. Dai hili linamchukulia mgeni kuwa mtalii wa mbuga aliyepita njiani, wakati hoteli nyingi za Kisutu, Kariakoo na Gerezani hulaza wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni, pamoja na watumishi wa mikoani waliokuja kwa kikao wakiwa na posho ya safari. Posho ni kiasi maalumu kwa siku, na kinachobaki ni cha mwenyewe. Mnunuzi wa vitenge naye anahesabu kila noti, maana mtaji wake ndio uliomo mfukoni. Hoteli hizi kwa kawaida hujumlisha kifungua kinywa kwenye bei ya chumba na kuishia hapo, hivyo milo miwili iliyobaki ni soko lililo wazi kila siku ya mwaka. Uamuzi wa mapema 2025 wa kuruhusu biashara ya saa 24 Kariakoo una maana zaidi ukitazamwa kwa jicho hili: duka la simu likifunguliwa usiku, mgahawa wa jirani unapata walaji wenyeji, na mgeni anapata mlo ambao haukupikwa kwa kumbahatisha yeye.

Wapo wanaosema bei ya hoteli inatokana na kodi tu. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na mgahawa mdogo ambao mauzo yake hayajafika kiwango cha kusajiliwa hautozi kodi hiyo. Hoja ni ya haki, lakini asilimia 18 haiwezi kugeuza sahani ya shilingi 15,000 kuwa ya 50,000. Tofauti kubwa iko katika jiko linalolipa wapishi wa zamu tatu hata wasipokuja walaji, jenereta, jibini na nyama za kuagiza nje, na orodha ya vyakula arobaini ambavyo viungo vyake lazima viwepo hata visipoagizwa. Mgahawa wa Kisutu hupika vitu vinane na kuvimaliza. Unafuu wake unatokana na mzunguko, na mzunguko unatokana na wakazi.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi, na haifai kupuuzwa. Mgeni asiyejua njia, hasa mwanamke aliye peke yake, ana sababu ya kutotembea Posta usiku wakati maofisi yamefungwa. Lakini hofu hiyo inarudi palepale: mtaa unatisha kwa kuwa hauna watu. Penye wakazi pana macho, muuza karanga, watoto vibarazani na bajaji zinazongoja abiria. Nauli ya bajaji kutoka Posta mpaka Kisutu, pamoja na mlo, bado huacha fedha nyingi mfukoni kuliko meza ya hoteli kubwa. Kinachokosekana hapa ni mtu wa kumwambia mgeni. Maoni ya mitandaoni huandikwa zaidi na watalii, nayo humpeleka Masaki na Msasani, kilomita kadhaa kutoka kitandani kwake, kwenye migahawa mizuri yenye bei karibu na zile alizokuwa anazikimbia. Mhudumu wa mapokezi anajua pa kula, kwa sababu na yeye hula. Mara nyingi ni menejimenti inayomzuia kusema, ikidhani inalinda mauzo ya jiko lake. Mimi naona inapoteza zaidi, kwani mgeni aliyekula vizuri kwa bei yake huongeza usiku mwingine, na chumba ndicho chenye faida.

Miji mingine inathibitisha jambo hili. Mjini Zanzibar, mgahawa wa Lukmaan wa Mkunazini hulisha wenyeji na wageni kwenye meza zilezile: unaviona vyakula, unanyoosha kidole, unalipa. Mombasa, Tarboush ya Barabara ya Makadara iko kati ya Mji wa Kale na mitaa ya makazi, na wateja wake wa usiku ni familia za hapo. Nairobi inatoa mfano wa namna tofauti kidogo: upande wa River Road na Accra Road migahawa hukesha kwa sababu ya mabasi ya mikoani, abiria wakichukua nafasi ya wakazi. Tofauti hiyo ina funzo kwa Dar es Salaam, iliyohamishia mabasi yake Mbezi mwaka 2021 na kuanza kupokea abiria wa treni ya kisasa karibu na katikati ya mji mwaka 2024. Migahawa itakayowafuata abiria hao bado inaweza kupangwa mapema.

Hatari iko kwenye majengo. Wizara zilipohamia Dodoma kuanzia 2016, migahawa ya mchana ya Posta ilipoteza sehemu ya wateja wake wa uhakika, na nyingi hazikuwa na wa usiku wa kuziba pengo. Sasa majengo ya zamani ya Kisutu na Kariakoo yanabomolewa kupisha maghorofa, na sera ya ubia ya Shirika la Nyumba ya mwaka 2022 inafungua milango kwa wawekezaji binafsi. Majengo mapya yanahitajika. Mengi ya yale ya kale yamechoka, na wapangaji wanastahili lifti na maji ya uhakika. Ila mkataba wa ubia unaweza kudai orofa kadhaa za makazi ya kipato cha kati, na fremu za chini zenye bomba la moshi, mfereji wa maji machafu na kodi ya pango ambayo mpishi wa biriani anaimudu. Vipengele hivyo hugharimu kidogo vikiingizwa kwenye mchoro, na haviwezekani tena zege likishamwagwa.